Mwongozo kamili wa kujenga kituo cha utafiti wa bahari kwa fedha za maendeleo ya mikoa za Umoja wa Ulaya

Ukisimama ufukweni Telde, kisiwani Gran Canaria, ukatupa macho baharini, utaona jengo limesimama majini umbali wa kilomita moja na nusu hivi. Hilo ni jukwaa la PLOCAN, kituo cha utafiti wa bahari kilichoundwa mwaka 2007 na serikali ya Hispania pamoja na serikali ya visiwa vya Canary, nusu kwa nusu. Kina cha maji pale ni kama mita 30, na karibu yake limetengwa eneo la bahari la kilomita za mraba 23 hivi la kujaribia vifaa: mitambo ya umeme wa mawimbi na upepo, roboti za chini ya maji, maboya ya vipimo. Miongoni mwa fedha zilizokijenga zimo za Mfuko wa Maendeleo ya Mikoa wa Ulaya. Kwa Kiingereza mfuko huo hufupishwa ERDF. Wahispania, Wareno na Wafaransa huuita FEDER, Wajerumani EFRE.

Nimekaa miaka kadhaa katika ofisi ya miradi ya taasisi ya bahari kusini mwa Ulaya, kazi yangu ikiwa makaratasi ya fedha hizi. Kosa nililoliona mara nyingi kuliko yote ni moja: wanasayansi huandika ombi kana kwamba wanaomba fedha za sayansi. Fedha hizi ni za mkoa. Anayezigawa anataka kujua mkoa wake utapata nini: ajira, kampuni, ujuzi, vijana watakaobaki badala ya kuhama. Nawaandikia Waswahili walioko kwenye maabara na vyuo vya Ulaya, ambao siku moja watakabidhiwa kuandaa ombi kama hili. Nawaandikia pia wenzetu wa Unguja, Mombasa na pwani nzima wanaoalikwa kuwa washirika. Yanayowahusu wao yako mwishoni.

Hatua ya 1: Ujue mfuko na mkoa wako

ERDF ulianzishwa mwaka 1975 ili kupunguza pengo kati ya mikoa iliyoendelea na iliyoachwa nyuma. Kwa kipindi cha 2021 hadi 2027 umetengewa takriban euro bilioni 226. Usiuchanganye na Horizon Europe, programu ya Umoja wa Ulaya ya kugharimia utafiti. Horizon Europe hushindanisha watafiti wa Ulaya nzima kwa ubora wa wazo, na hulipia hasa utafiti wenyewe. ERDF hulipia kuta, mabomba, gati, matangi na mashine, na washindani wako ni majirani zako wa mkoa huohuo au nchi hiyohiyo. Brussels haipokei ombi lako: fedha hugawanywa kwa programu, yaani mipango ya nchi au ya mkoa, na kila programu ina mamlaka yake ya usimamizi, iwe wizara au ofisi ya serikali ya mkoa, na huko ndiko utakakobisha hodi.

Kabla ya jambo lolote, tafuta mkoa wako umewekwa kundi gani. Mkoa ambao pato lake kwa kila mtu halifiki 75% ya wastani wa Umoja wa Ulaya huhesabiwa kuwa haujaendelea, na mfuko unaweza kuchangia hadi 85%. Kati ya 75% na 100% ni mkoa wa mpito, mchango wake hadi 60%, au 70% kama zamani ulikuwa kundi la chini. Uliozidi wastani hupata hadi 40%, au 50% kama kabla ya hapo ulikuwa wa mpito. Mikoa ya ng'ambo kama Canary, Azores, Madeira, Réunion na Mayotte ina nafasi yake: hadi 85%. Viwango hivi ni vya juu kabisa, tena hupimwa kwenye programu. Kiwango chako wewe kitatajwa na tangazo la wito wa maombi. Nimeona watu wakipanga bajeti ya 85% kwa sababu wameisoma kwenye kanuni, wakati wito wenyewe ulisema 70%.

Hatua ya 2: Tafuta bahari ndani ya mkakati wa mkoa

Ili mkoa upate fedha za utafiti na ubunifu, lazima uwepo mkakati, wa mkoa au wa taifa, unaotaja maeneo machache yaliyochaguliwa ya kubobea. Kazi yako ni kulisoma andiko hilo lote, kisha kujiuliza: je, bahari imo? Pengine imeandikwa wazi kama uchumi wa bahari. Pengine imejificha ndani ya chakula (ufugaji wa samaki, mwani), nishati (upepo na mawimbi) au afya (dawa zitokanazo na viumbe vya baharini). Ikiwa imo, nukuu ukurasa na aya. Ikiwa haimo kabisa, usilazimishe. Hudhuria mikutano ambayo mkoa huwaita watafiti na wafanyabiashara kuujadili upya mkakati, na upeleke watu wa bandari na wafugaji wa samaki wakaseme. Sauti ya mwenye vizimba vya samaki ina uzito pale kuliko ya profesa watatu.

Soma pia programu yenyewe. Lengo mahususi linalotumika zaidi kwa vituo vya utafiti ni lile la kwanza kabisa, la kukuza uwezo wa utafiti na ubunifu na matumizi ya teknolojia za juu. Hapo ndipo penye milango ya miundombinu. Katika kipindi cha 2014 hadi 2020 Ugiriki iliupitisha mtandao wake wa vipimo vya bahari, HIMIOFoTS, kupitia programu ya kitaifa, na Sicily iliugharimia mradi wa IDMAR, unaohusiana na vifaa vya kina kirefu vya KM3NeT, darubini ya chini ya bahari inayonasa chembe ndogo ziitwazo neutrino, karibu na Capo Passero, kupitia programu ya mkoa. Mlango wa taifa na mlango wa mkoa, yote miwili ipo. Ulizia upi uko wazi kwa ukubwa wa mradi wako.

Hatua ya 3: Anza na watumiaji, michoro ya jengo baadaye

Andika orodha ya watu watakaokitumia kituo katika miaka mitano ya mwanzo, kwa majina ya taasisi na saa za matumizi. Kampuni ya vizimba inahitaji tangi la majaribio ya chakula wiki ngapi kwa mwaka? Bandari inahitaji vipimo vya mkondo vya mara ngapi? Chuo kitaleta wanafunzi wangapi? Kisha omba barua. Barua isemayo "tunauunga mkono mradi huu muhimu" haina kazi. Iliyo na kazi ni isemayo: tutakodi tangi mbili kwa wiki sita kila mwaka, na tunakubali bei ya aina hii.

Orodha hiyo ndiyo itakayojaza viashiria, yaani namba za kupimia matokeo ya mradi. Mfuko una viashiria vyake vya pamoja, na kwa kituo cha utafiti utakutana hasa na RCO06, idadi ya watafiti wanaofanya kazi katika kituo kilichosaidiwa. RCO08, thamani ya vifaa vya utafiti na ubunifu. Na RCR102, ajira za utafiti zilizoundwa. Usizidishe ili upendeze. Utahesabiwa kwa namba ulizoandika mwenyewe, na mhesabu atakuja miaka kadhaa baadaye, wakati aliyeziandika ameshahama.

Hatua ya 4: Bajeti, na fedha za mfukoni

Hapa tukae kidogo, maana hapa ndipo miradi mingi mizuri huzama.

Chukua mfano: gharama zinazokubalika ni euro milioni 4, na wito unachangia 60%. Mfuko utatoa milioni 2.4, milioni 1.6 itafutwe kwingine: taasisi, mkoa, wizara. Pata ahadi hiyo kwa maandishi yenye saini kabla ya kuwasilisha. La pili ni gumu zaidi: kwa kawaida fedha hizi hurudishwa baada ya wewe kulipa. Unalipa ankara ya pampu, unakusanya ushahidi, unaomba kurejeshewa, na mamlaka ina hadi siku 80 kukulipa, ikiwa fedha ipo na ikiwa nyaraka zimekamilika. Karatasi moja ikikosekana, saa husimama. Kwa hiyo mradi wa milioni 4 unahitaji akiba au mkopo wa kuubeba kwa miezi. Baadhi ya mamlaka hutoa malipo ya awali, uliza mapema.

Kodi ya ongezeko la thamani nayo ina kanuni yake. Mradi ambao gharama yake yote, pamoja na kodi, haifiki euro milioni 5 unaweza kuihesabu kodi hiyo kuwa gharama inayokubalika. Kuanzia milioni 5, inakubalika tu kama sheria ya nchi hairuhusu kurudishiwa. Kwa chuo kikuu tofauti hiyo yaweza kuwa mamia ya maelfu ya euro, hivyo mhasibu awe mezani tangu siku ya kwanza. Gharama zisizo za moja kwa moja, kama umeme wa ofisi na usimamizi, ziombe kwa asilimia maalumu iwezekanapo: hadi 7% ya gharama za moja kwa moja bila kuonyesha hesabu, au hadi 15% ya mishahara ya moja kwa moja. Asilimia maalumu hukuepusha na kukusanya risiti za wino na karatasi.

Halafu kuna gharama za uendeshaji, ambazo msaada wa ujenzi haukuachii chochote cha kuzibebea. Kituo cha bahari ni jengo linaloliwa na chumvi. Maji ya bahari yanapandishwa kwa pampu usiku na mchana, na umeme ndio mzigo mkubwa. Bomba la kuvutia maji huota kome na chaza, kipenyo kikapungua, pampu ikatoa jasho. Vihisio, yaani vifaa vya kupimia vilivyo majini, vinaota utando na kuanza kusema uongo. Boya linahitaji meli ya kulipelekea fundi, na meli inahitaji nahodha, bima na siku ya bahari tulivu. Katika mradi mmoja nilioushughulikia bomba la kuvutia maji lilikuwa moja tu. Lilipoziba, mabwawa yote yalibaki bila maji mapya na majaribio ya miezi minne yakapotea. Tangu hapo nasisitiza mabomba mawili, moja lisafishwe huku jingine likifanya kazi. Bomba la pili ukiliweka kwenye ombi, mfuko unalilipia. Ukilisahau, utalilipia wewe.

Basi andika jedwali la gharama za miaka kumi baada ya ufunguzi, na mbele ya kila mstari andika nani atalipa. Penye mstari usio na jina, mradi bado haujaiva.

Hatua ya 5: Kanuni za ushindani

Umoja wa Ulaya hauruhusu fedha za umma ziipendelee biashara moja dhidi ya nyingine. Kituo kinachofundisha na kufanya utafiti wa wazi hakina shida. Kinachokodisha matangi kwa kampuni kimeingia sokoni. Njia nyepesi ni kuzifanya shughuli za kibiashara zibaki za pembeni, zisizidi 20% ya uwezo wa kituo kwa mwaka, na kutenganisha hesabu zake na zile za utafiti. Pima uwezo kwa kitu kinachohesabika: saa za tangi, siku za meli.

Ukipanga kuzidi hapo, kuna kifungu cha 26 cha Kanuni 651/2014 ya Umoja wa Ulaya, kinachoruhusu msaada wa uwekezaji katika miundombinu ya utafiti hadi 50% ya gharama. Masharti yake ni bei ya soko, na mlango wazi kwa watumiaji wote bila ubaguzi. Kampuni iliyochangia angalau 10% ya uwekezaji inaweza kupewa nafasi nzuri zaidi kulingana na mchango wake. Angalia tofauti hiyo: mkoa wa 85% unaweza kujikuta unapokea 50%. Mtafute mwanasheria kabla ya kuandika bajeti.

Hatua ya 6: Vibali vya pwani

Ardhi ya ufukweni karibu kila mahali ni mali ya umma, na utahitaji idhini ya kuitumia. Bomba linalopita chini ya bahari kwa kawaida linahitaji tathmini ya mazingira, na likipita ndani au karibu na eneo la Natura 2000, mtandao wa hifadhi za asili za Ulaya, linahitaji tathmini yake ya pekee. Katika Mediterania, jihadhari na nyasi za bahari za Posidonia: maeneo zinakoota ni makazi ya kipaumbele katika sheria ya Ulaya ya mwaka 1992, na njia ya bomba ikiyagusa maeneo hayo utazungushwa miaka. Piga ramani ya sakafu ya bahari kabla ya kuchora.

Jengo linalotarajiwa kudumu miaka mitano au zaidi lazima pia lionyeshe kuwa litastahimili mabadiliko ya tabianchi. Kwa pwani, maana yake ni usawa wa bahari, mawimbi ya dhoruba, na joto la maji yenyewe. Weka pampu na umeme juu ya kiwango cha maji ya bamvua pamoja na dhoruba, na uonyeshe hesabu.

Hatua ya 7: Kuwasilisha

Hapa ni pafupi. Jaza fomu kwa lugha ya mkoa, kwa maneno ya tangazo lenyewe. Usiwe umemaliza mradi kabla ya kuwasilisha ombi, kwa kuwa uliokwisha kukamilika haukubaliki. Na kama msaada unaangukia kanuni za hatua ya 5, usisaini hata mkataba wa ujenzi kabla ya ombi kupokewa. Mpe mtu asiyejua bahari asome muhtasari. Asipouelewa, mpimaji wa mkoa naye hatauelewa.

Hatua ya 8: Zabuni

Ukishapata barua ya kukubaliwa, hatari kubwa kuliko zote ni manunuzi. Wakaguzi huanzia hapo, na makato yana viwango vilivyoandikwa: 5%, 10%, 25%, hata 100% ya thamani ya mkataba.

Vifaa vya bahari vina watengenezaji wachache, na mtafiti ana chombo anachokipenda. Hapo ndipo mtego ulipo. Taasisi moja ninayoijua iliandika jina la mtengenezaji wa kihisio ndani ya vipimo vya zabuni, bila maneno "au kinacholingana nacho". Kihisio kilikuwa kizuri, bei ilikuwa halali, hakuna aliyeiba hata senti. Mkataba ulikatwa 10%, na fedha hizo zikatoka kwenye mfuko wa safari za watafiti. Andika kazi ambayo chombo kinapaswa kufanya: kina, usahihi, muda wa kukaa majini bila kusafishwa. Usigawanye manunuzi vipande ili yasifike kiwango cha zabuni ya Ulaya. Na bahari ikimlazimisha mkandarasi kubadilisha kazi, usimwambie "endelea, tutaandika baadaye". Andika kwanza.

Hatua ya 9: Daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Fungua jalada moja la mradi siku ya kwanza: tangazo la zabuni, alama za wazabuni, mkataba, hati ya kupokea mzigo, ankara, ushahidi wa benki, picha ya kifaa pamoja na namba yake. Chombo kinachozamishwa baharini kipigwe picha kabla ya kuzamishwa. Mkaguzi hatapiga mbizi. Mishahara ikilipwa kwa saa, kiwango cha kawaida cha saa 1,720 kwa mwaka kitakurahisishia hesabu. Nyaraka zitunzwe miaka mitano, ikihesabiwa kuanzia tarehe 31 Desemba ya mwaka uliopokea malipo ya mwisho.

Nembo ya Umoja wa Ulaya nayo ni sharti. Mradi unaozidi euro 500,000 uweke kibao cha kudumu kinachoonekana na umma, mara kazi inapoanza au vifaa vilivyonunuliwa vinapofungwa. Uzembe katika hili unaweza kukugharimu hadi 3% ya msaada. Kwenye mfano wetu wa milioni 2.4, hiyo ni euro 72,000.

Hatua ya 10: Baada ya utepe kukatwa

Matumizi ya kipindi cha 2021 hadi 2027 kwa kawaida yanakubalika hadi tarehe 31 Desemba 2029. Panga kazi za baharini zimalizike walau majira mawili ya kiangazi kabla ya hapo, kwani majira moja yanaweza kuliwa na hali ya hewa. Baada ya malipo ya mwisho, kwa miaka mitano usibadilishe umiliki kwa njia inayompa mtu faida asiyostahili, wala usikigeuze kituo kuwa kitu kingine, la sivyo fedha zitarudishwa.

Tafuta pia vyanzo vingine mapema. Wales, chuo kikuu cha Bangor na wenzake waliendesha SEACAMS, mradi wa ERDF uliozisaidia kampuni za pwani kwa sayansi ya bahari. Uingereza ilipojitoa katika Umoja wa Ulaya, mlango huo ukafungwa kwa nchi nzima, na hakuna maabara iliyoulizwa maoni yake.

Kwa walioko Unguja, Mombasa na pwani yetu

ERDF haujengi maabara Afrika Mashariki. Lakini una tawi la ushirikiano wa kuvuka mipaka, Interreg, na Ufaransa ina mikoa miwili ndani ya bahari yetu: Réunion, na Mayotte, iliyoingia rasmi kundi la mikoa ya ng'ambo mwaka 2014 na ambayo watu wake wanasema Shimaore, lugha ndugu ya Kiswahili. Programu ya Interreg ya Bahari ya Hindi ya 2014 hadi 2020 ilizitaja Kenya na Tanzania miongoni mwa nchi shirikishi. Kwa fedha za programu hiyo, kituo cha Ifremer, taasisi ya Ufaransa ya utafiti wa bahari, kilichoko Réunion kiliendesha mradi wa IOT wa kutengeneza vifaa vya kufuatilia kasa.

Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Unguja, au KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi iliyoko Mombasa, ina kitu ambacho Réunion haina: vipimo vya miaka mingi vya pwani ya bara na watu wanaoijua miamba yake. Anza na mtafiti wa Réunion au Mayotte ambaye tayari mmeandika naye kitu. Mwandikie barua fupi kwa Kifaransa, yenye mambo manne: data mliyonayo na ni ya miaka mingapi, chombo au boti mtakayochangia, mtu mmoja atakayejibu barua kila wiki, na swali moja tu, kwamba fedha za upande wenu zitapitia mlango gani na zitalipwa kabla au baada ya kazi. Jibu la swali hilo lipatikane kwa maandishi kabla taasisi yenu haijasaini chochote.